Tengenezeni kicheza kaseti kwanza, ndipo mhamishe sauti za wazee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumze na wenzangu ambao bado wana kaseti za zamani majumbani. Mimi ni fundi wa redio hapa Ngamiani, Tanga, na kazi hii nimeifanya tangu enzi ambazo karibu kila baraza lilikuwa na redio kaseti yake. Kwa miaka mingi kazi ya kaseti ilikuwa imekufa, na siku hizi imefufuka kwa namna ambayo sikuitarajia. Watu wanatoa makabatini vile vicheza kaseti vidogo vya kuning'iniza kiunoni, ambavyo sote tuliviita Walkman hata pale vilipotengenezwa na kampuni nyingine, wanataka vifanye kazi kwa siku moja tu ili wahamishie sauti kwenye simu au kompyuta, na wakishahamisha kaseti inatupwa. Hapo ndipo penye jambo lililonifanya nishike kalamu. Sauti nyingi zinahamishwa kwa mashine mbovu. Ubovu wa mashine unanakiliwa pamoja na sauti ya mtu, kisha kaseti, ambayo ndiyo pekee ingeweza kusahihisha nakala hiyo, inakwenda jalalani.

Miezi michache iliyopita alinijia mama mmoja na kaseti nne zilizofungwa kwenye kanga. Marehemu baba yake alifanya kazi Muscat, Oman, katika miaka ya 1980, na kama walivyofanya watu wengi wa pwani waliokuwa Uarabuni wakati ule, mara nyingi hakuandika barua, alijirekodi. Kaseti ya dakika 60 ilitosha kuwasalimia watu wa nyumba nzima mmoja mmoja kwa jina lake, kutoa maagizo ya shamba na ya mahari, kuuliza nani ameingia madrasa na nani anaumwa, na upande wa pili ukaachwa wazi ili walio nyumbani warekodi majibu na kumrudishia. Mama huyu alikuwa amekwisha kuzipeleka mahali, akahamishiwa sauti kwenye simu. Akanisikilizisha nakala hiyo. Sauti ilikuwa nzito na ya kukokota, kama ya mtu anayezungumza huku amejifunika blanketi, na kila baada ya sekunde chache ilikuwa inayumba. "Fundi," akaniambia, "mdogo wangu amesikiliza, akasema huyu si baba." Bahati njema kaseti zenyewe hazikuwa zimetupwa, na kicheza kaseti kilichotumika kilikuwa cha marehemu yuleyule, akakitoa kwenye mkoba akakiweka mezani.

Mtu akisikia sauti ya namna hiyo hudhani kaseti imeoza, na mara nyingi kaseti haina kosa lolote. Mimi huanza na kilicho rahisi kabisa, nacho ni betri. Vicheza kaseti vingi vya aina hii hutumia betri mbili ndogo za AA, ambazo kwa pamoja hutoa volti 3. Zile za kuchaji hutoa volti 1.2 kila moja, jumla 2.4, na zikianza kuisha mota inachoka na sauti inapasuka, mtu akailaumu kaseti bure. Mama yule alikuwa ameweka betri mpya, kwa hiyo nikafungua kifuniko cha nyuma. Belti, yaani ule mpira mwembamba unaochukua nguvu ya mota na kuipeleka kwenye gurudumu zito, ilikuwa imelegea, na sehemu moja ilikuwa imeanza kuyeyuka ikawa kama lami. Mpira wa zamani hufanya hivyo hata ukikaa kabatini bila kutumika, na joto la pwani yetu haliusaidii.

Kaseti hii tunayoijua ililetwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na utepe wake umepangiwa kupita mbele ya hedi, yaani kile kichwa cha chuma kinachosoma sauti, kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Kasi hiyo ni moja popote duniani, na kwa sababu hiyo kaseti iliyorekodiwa Muscat iliweza kuchezwa Tanga. Belti ikilegea, utepe unapita polepole na sauti ya mtu inazama. Belti ikiteleza, sauti inapanda na kushuka. Kaseti ile ilikuwa na kipimo chake ndani yake. Mama alikumbuka kuwa marehemu alirekodi kwa redio kubwa ya kuchomeka ukutani, na kweli chini ya maneno yake kulikuwa na ule mvumo mdogo wa umeme, ambao Oman, kama hapa kwetu, ni wa mitetemo 50 kwa sekunde. Nikaicheza kwa betri, ili mvumo wa umeme wa dukani kwangu usichanganyike na ule wa kwenye kaseti, nikapima kwa programu ya kompyuta: ikasoma 47. Mashine ilikuwa nyuma kwa asilimia 6, ambayo kwa mwenye sikio la muziki ni karibu nusu toni nzima. Si ajabu mdogo mtu hakumtambua baba yake.

Kuhusu belti nina ombi. Tafadhalini msiweke mpira wa kufungia noti, wala kipande kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Unene wa vitu hivyo haulingani pande zote, na kila sehemu nene inapopita kwenye puli, yaani vile vigurudumu vinavyozungushwa na belti, sauti inayumba. Pimeni njia ya belti kwa uzi, mpunguze kama asilimia 5 ili belti ikae kwa kukaza kidogo, mtafute ya unene uleule. Iliyokaza kupita kiasi nayo huilemea mota. Lami ya belti ya zamani itolewe yote kwenye puli kwa pamba na spiriti, maana ikibaki hata kidogo belti mpya itanata. Nilipomaliza hayo kipimo changu kilipanda hadi 49 na kitu, nikamalizia kwa skrubu ndogo ya kasi iliyo ndani ya tundu nyuma ya mota, nikiigusa kwa kiasi kidogo mno, kikasimama kwenye 50.

Wapo vijana watakaosema kwamba kasi inaweza kurekebishwa kwenye kompyuta baada ya kuhamisha. Ni kweli, ikiwa mashine ilikwenda polepole kwa kiwango kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Belti inayoteleza haiendi hivyo. Tena hakuna kompyuta itakayorudisha sauti ambayo hedi haikuisoma, na hapo naingia kwenye lile blanketi.

Herufi kama "s" na "sh" tunazisikia kwa sababu ya mitetemo ya juu iliyomo ndani yake. Chukueni sauti ya mitetemo 10,000 kwa sekunde: kwa kasi ya kaseti, wimbi lake moja limeandikwa kwenye utepe kwa urefu usiofika sehemu 5 za elfu ya milimita. Uchafu wenye unene wa sehemu moja tu ya elfu ya milimita ukikaa kati ya hedi na utepe unaipunguza sauti hiyo kwa desibeli zipatazo 11, maana yake nguvu inayobaki haifiki hata moja ya kumi. Macho hayauoni uchafu mwembamba kiasi hicho, na masikio yanausikia kama blanketi. Hedi ya mama yule uchafu wake ulionekana hata kwa macho, utando wa kahawia ambao ni unga wa utepe wenyewe uliojikusanya miaka nenda miaka rudi, na aliyehamisha sauti zile hakuugusa.

Kuusafisha ni kazi ya dakika tano. Kijiti cha pamba, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea, kisha unasugua taratibu kwa kufuata njia ya utepe. Pamba ikitoka ya kahawia unatupa, unachukua nyingine, hadi itoke nyeupe. Ule mhimili mwembamba wa chuma unaovuta utepe nao usafishwe vivyo hivyo. Karola ka mpira kanakoukandamiza utepe kwenye mhimili mimi hukaosha kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, nikakakausha vizuri, kwa sababu spiriti ikirudiwa mara kwa mara hukausha mpira ukawa unang'aa na kuteleza. Petroli, mafuta ya taa na tina visikaribie hapo kabisa. Spiriti yenye rangi nayo ikikauka huacha utando wake, kwa hiyo mtu atakuwa ameondoa uchafu mmoja na kupaka mwingine.

Sasa nifike kwenye skrubu ambayo imeniumiza moyo kuliko kitu chochote katika kazi hii. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo yenye springi chini yake, na kiwandani huwa wameifunga kwa tone la rangi ili isilegee. Kazi yake ni kuinamisha hedi upande huu au ule, ili ule ufa mwembamba ulio usoni mwa hedi, ambao kwa macho matupu hauonekani, usimame wima kabisa mbele ya utepe. Hedi ikiinama kidogo tu sauti za juu zinapotea, na kwenye kaseti ya stereo sikio moja linatangulia jingine. Fundi asiye na subira akisikia sauti imefifia hukimbilia skrubu hii kabla ya kusafisha hedi. Anazungusha kulia, anazungusha kushoto, anaona hakuna kitu, anaiacha popote ilipofika. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yule: tone la rangi lilikuwa limevunjwa, na kichwa cha skrubu kimechubuliwa na bisibisi isiyo saizi yake.

Skrubu hiyo ni ya mwisho, Ndugu Mhariri. Iguswe baada ya betri, belti, hedi na rola kuwa sawa, na kabla ya kuigusa uweke alama ya mahali ilipokuwa. Lakini wapo pia wanaosema isiguswe maisha, nao sikubaliani nao, kwa kuwa kila kaseti imebeba mwinamo wa hedi ya mashine iliyoirekodi. Kama redio ya Muscat ilikuwa imeinamisha hedi yake kidogo, mashine iliyonyooka kikamilifu itaisoma kaseti hiyo kwa sauti ya blanketi, na haitakuwa kosa la yeyote. Kwa kuhamisha sauti inabidi hedi iifuate kaseti. Ninavyofanya ni kuunganisha masikio yote mawili yawe sauti moja, maana hapo kosa husikika zaidi, kisha nachagua kipande kifupi chenye "s" iliyo wazi na kukirudia. Katika kaseti ile kipande kilikuwa "assalamu alaykum" ya mwanzo. Niliirudisha nyuma labda mara kumi na tano, kila mara nikisogeza skrubu kwa kiasi cha mshale wa dakika wa saa kusogea dakika mbili au tatu. Ile "s" ikaanza kuchomoza, ikawa kali, ikaanza kujificha tena. Nikarudi nyuma hadi pale ilipokuwa kali kuliko kote.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa hedifoni. Nyuma ya sauti ya marehemu kulikuwa kumetokea mlio mdogo wa chuma, kili kili kili, ambao kwenye nakala ya simu haukuwapo kabisa. Akasikiliza, akanitazama. "Anakoroga chai," akasema. Mlio wa kijiko kwenye glasi ni wa mitetemo ya juu sana, ndio wa kwanza kupotea hedi ikichafuka au ikiinama. Tangu siku ile nikitaka kumweleza mteja kwa nini nahitaji siku mbili na si saa moja, namsimulia kijiko hicho.

Hitilafu nyingine nitazipitia kwa haraka, kwa sababu hazihitaji mengi. Sauti ikitoka sikio moja tu na kurudi ukiuchezesha waya, kwanza jaribu hedifoni nyingine. Zikifanya vilevile, tundu la hedifoni limepasuka risasi yake ya kuungia kwenye bodi, na kuungwa upya kunatosha. Volyumu ikikwaruza unapoizungusha ni vumbi na kutu, dawa yake ni dawa ya kusafishia swichi itakayopulizwa tone moja ndani yake na kuzungushwa mara nyingi. Betri zikiwa zimevuja na kuacha unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, siki kidogo kwenye pamba huumaliza unga wa betri za alkalini, kisha pafutwe kwa maji kidogo na kukaushwa. Mvumo ukija pale tu unapotumia adapta ya umeme, adapta ndiyo mbovu. Na kabla ya kuchomeka adapta yoyote isomwe alama ya chanya na hasi iliyochorwa kando ya tundu, kwa kuwa baadhi ya mashine za Kijapani zina hasi katikati, na kosa hilo linaunguza.

Kapasita, yaani vile vifaa vidogo vya kwenye bodi vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, zinahitaji maneno zaidi. Vicheza kaseti vya mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 vilifanywa vyembamba sana, na baadhi vikawekewa kapasita ndogo za kubandikwa juu ya bodi, ambazo kwa umri huu huvuja maji yake. Dalili zake ni sauti ndogo hata volyumu ikiwa mwisho, sikio moja kufa, besi kupotea, au mashine kuzima yenyewe. Na ukiipasha bodi moto kwa chuma cha kuungia, harufu kama ya samaki inakupanda puani. Maji hayo hula nyaya za shaba zilizo kwenye bodi, kwa hiyo mashine inayovuja haipaswi kusubiri mwaka mwingine. Kapasita mpya iwe na uwezo uleule, volti zake zisipungue zile za mwanzo, na upande wa hasi uwekwe ulipokuwa wa hasi. Si kazi ya mtu anayeshika chuma cha kuungia kwa mara ya kwanza. Kwa kaseti isiyo na nakala, ningemshauri mtu atafute fundi aliyekwisha kufanya kazi hiyo, hata kama itamlazimu kusubiri.

Kaseti nayo ikaguliwe kabla haijaingia kwenye mashine yoyote. Katikati ya mdomo wake kuna kipande kidogo cha sponji au manyoya kinachoukandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake hukauka, kipande kinaanguka, sauti inafifia, na mtu anadhani mashine imekufa. Kinaweza kubandikwa kingine kutoka kwenye kaseti isiyo na thamani. Ukiona ukungu mweupe kwenye kingo za utepe, usiicheze, maana itauchafua mfumo mzima na kuambukiza kaseti zitakazofuata. Kama mashine yako ina uwezo wa kurekodi, vunja vile vijimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti kabla ya yote, ili mkono ukikosea na kubonyeza kitufe chekundu sauti isifutwe. Kisha upeleke utepe wote mbele na kuurudisha nyuma mara moja, taratibu. Kalamu ya Bic inaenea vizuri kwenye tundu la kaseti na haina haraka.

Kwa wale waliokwisha kuhamisha na kaseti bado zipo, nawaomba wachukue nakala yao na kuisikiliza upya kwa hedifoni nzuri. Kama "s" hazisikiki, kama sauti ni nzito kuliko wanavyomkumbuka mwenyewe, kama inayumba, kazi haikufanyika na inaweza kurudiwa. Na hata nakala ikiwa nzuri, kaseti iwekwe ndani ya kava lake, isimamishwe, mbali na spika na mbali na ukuta wenye unyevu. Mashine bora zaidi au mkono bora zaidi unaweza kupatikana baadaye, lakini utepe uliochomwa pamoja na taka hauna pa kutafutwa.

Kaseti mbili za mama yule nimekwisha kuzihamisha upande wa baba. Upande wa pili ulirekodiwa hapa Tanga kwa redio nyingine, na ndani yake yumo yeye mwenyewe akiwa na umri wa miaka saba, akimsomea baba yake sura aliyohifadhi madrasa. Nilipoigeuza kaseti mara ya kwanza sauti ikarudi kwenye blanketi, kama nilivyotarajia, kwa sababu redio ile nayo ilikuwa na mwinamo wake. Nimeweka alama kwenye skrubu mahali pa Muscat, na Jumamosi mama atakuja tutafute pa Tanga.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa redio,
Ngamiani, Tanga.